Kidole Kilichosahaulika Pichani

Papa Albert aliitazama picha yake mwenyewe kwa muda mrefu, kisha akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

"Ni mimi," alisema. "Sura iko yangu, shati iko yangu, kisu iko mukononi mwangu. Lakini maneno yenye baliandika chini yake haiko yangu."

Rosalie Kahindo hakuandika kitu. Miaka yake ya upelelezi katika polisi ya Goma ilimfundisha kwamba mtu akianza kwa kukiri, afadhali umwache amalize. Siku hizi hakuwa polisi tena. Alikuwa mpelelezi wa Kamati ya Malalamiko ya Habari, ofisi ndogo ambayo kazi yake ni kuwapokea watu waliochafuliwa majina magazetini na redioni, kuchunguza, na kuamua nani asahihishe nini. Hakuwa na pingu wala uwezo wa kumlaza mtu ndani. Alikuwa na maswali tu, na kwa kweli kazi hiyo aliipenda kuliko ile ya zamani.

Nje, mvua ya Walikale ilikuwa ikimalizikia kwenye majani ya michikichi. Njia iendayo Bisie ilipita nyuma ya nyumba, nyekundu na yenye utelezi, na kila aliyepita alipunguza mwendo ili aitazame pikipiki ya mgeni.

Habari yenyewe ilitoka kwenye gazeti la mtandaoni liitwalo Milima Yetu. Kichwa chake kilikuwa: "Wala ng'ombe wa msituni wafika Karuba." Chini ya kichwa, Papa Albert ameinama juu ya ng'ombe aliyechinjwa, kisu chenye damu mkononi. Maelezo yalisema mtu huyo wa Walikale alikamatwa akichuna ng'ombe wa wizi kwenye malisho ya Karuba, huko Masisi, na kwamba watu wa msituni hawajui kufuga. Kwao kila chenye kwato ni windo. Redio moja ya Sake iliisoma habari hiyo hewani, asubuhi na jioni, mpaka watoto sokoni wakaijua kwa moyo.

"Foto hii ilipigwa wapi, Papa?"

"Karuba kweli. Kwa Sebarenzi, nyuma ya nyumba. Siku ile yeye na bibi yake balitupokea juu ya ndoa ya batoto."

Watoto hao walikuwa Bénédicte, binti wa Papa Albert, na Jean de Dieu, mwana wa Sebarenzi. Walikutana wakisoma ualimu Masisi-centre, wakapendana, na wazazi wa pande zote mbili, baada ya kusitasita kidogo, wakakubali. Karamu ikafanyika. Kisha habari ikatoka, na Sebarenzi akapiga simu kusema kwamba mambo ya ndoa yasimame kwanza.

"Sebarenzi anaapa mbele ya bantu kwamba kwake hakuna mugeni mwenye alishika kisu," alisema Rosalie. "Anasema foto ni ya mahali pengine, siku ingine. Na kama ni ya mahali pengine, basi gazeti inaweza kuwa na haki."

"Sebarenzi hadanganye. Anasema kwa vile anajua."

"Basi nani alikupa kisu?"

Papa Albert alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye mvi kwenye ndevu tu. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Muntu wa nyumba ile. Aliniomba nisiseme. Nilimupatia neno yangu."

"Papa! Jina yako inachafuka, ndoa ya mutoto inakufa, na wewe unachunga siri ya muntu?"

"Nilimupatia neno mbele ya gazeti kutoka. Gazeti haibadilishe ile." Akaigeuza picha tena, sasa uso juu, akaisukuma taratibu upande wa mgeni. "Lakini mimi niko muwindaji, mama. Nyama ikipita, nyayo inabakia. Ukifuata wewe mwenyewe mpaka ukamupata, si mimi nilikuonyesha."

* * *

Kanuni ya kamati ilikuwa wazi: anayelalamikiwa asikilizwe kabla ya mashahidi. Kwa hiyo Rosalie alipita Karuba bila kusimama, akiwa amejikunyata nyuma ya dereva wa pikipiki kwa sababu ya baridi ya vilima, akateremka moja kwa moja hadi Sake.

Habari haikuwa na jina la aliyeiandika, ila maneno "mwandishi wetu". Mkurugenzi wa gazeti, alipoandikiwa rasmi na kamati, alijibu kwamba mwandishi huyo ni Viateur, mwakilishi wao wa Sake. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye kibanda cha kuchapa picha karibu na barabara kuu, na alimpa mgeni kiti kizuri kuliko chake.

"Kaka Viateur," Rosalie alianza, "huyu muntu alikamatwa na nani?"

"Na raia, mama."

"Raia gani?"

"Ba Karuba."

"Polisi ilimuandika?"

"Sijue. Mimi sikuwa pale."

"Chefu wa kijiji ulimuuliza?"

"Hakushika telefone."

"Na mwenye ng'ombe, mwenye baliibia, anaitwa nani?"

Viateur alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta nafasi. "Mama, ng'ombe zinaibiwa kila siku kule juu. Unajua mwenyewe."

"Najua. Lakini wewe haukuandika kila siku. Uliandika siku moja, na muntu mumoja." Rosalie aliweka picha mezani. "Hii nani aliipiga?"

"Source yangu. Alinitumia kwa WhatsApp."

"Nionyeshe."

"Nilifuta. Telefone ilijaa."

"Na nani aliikata?"

"Kuikata?"

"Telefone yoyote haipige foto nyembamba namna hii. Pembeni zote mbili zimepunguzwa."

"Ilikuja vile."

"Sawa. Ya mwisho. Wewe mwenyewe umeisha kuingia kwa Sebarenzi, kule Karuba?"

"Karuba ninapitaka tu na pikipiki nikienda Masisi. Kwa huyo Papa sijaingia hata siku moja."

Rosalie alimwandikia jibu hilo neno kwa neno, akamwomba alisome na kutia sahihi. Viateur alitia sahihi ya madoido, kama mtu anayegawa picha zake kwa mashabiki.

Baada ya hapo Rosalie aliketi kwenye mgahawa wa jirani, akaagiza chai ya maziwa na maandazi, akaiegemeza picha kwenye chupa ya chai. Alikula polepole. Aliupenda wakati huu wa kazi kuliko wakati mwingine wowote, wakati hakuna anayesema uongo kwa sababu hakuna anayesema.

Jambo la kwanza lilikuwa shati. Lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, na mstari wa pasi ulionekana hata pale mikono ilipokunjwa. Mtu anayekwenda kuiba ng'ombe wa watu hapigi shati pasi.

La pili lilikuwa majani ya migomba, yametandikwa chini ya nyama kwa mpangilio, yakiwa mabichi. Kule malishoni juu hakuna migomba. Migomba hupandwa karibu na nyumba, na majani hutandikwa na mtu anayejali kwamba nyama italiwa na wageni.

La tatu alikuwa karibu kulikosa. Ukingoni mwa picha, mahali mkasi wa mwandishi ulipopita, kulikuwa na mkono wa mtu mwingine. Mtu huyo mwenyewe alikatwa akaondolewa pichani, lakini mkono wake ulibaki, umeshika kwato ili mguu usimame. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na doa jekundu lililolowa.

Rosalie aliinua mkono wake mwenyewe hewani, akajaribu kushika kwato isiyokuwapo, kwanza kwa mkono huu, kisha kwa ule. Mhudumu wa mgahawa akamtazama kwa mashaka.

Mkono wa kushoto. Ili awe na hakika kwamba picha haikugeuzwa, aliangalia vifungo vya shati la Papa Albert. Vilikuwa upande wake wa kulia, kama kwenye mashati yote ya kiume. Basi ulikuwa mkono wa kushoto kweli. Kulikuwa na mtu aliyejikata kidole cha kushoto siku ile, naye ndiye aliyetoa kisu.

* * *

Sebarenzi alimpokea vizuri. Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima, na kutoka mlangoni uliona malisho ya Karuba yakishuka kijani mpaka kwenye ukungu, na ng'ombe wamesimama ndani yake kama waliochorwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya chini, na gumboti zake zilikuwa safi kuliko viatu vya wengi vya kwenda kanisani. Maziwa yaliletwa. Rosalie alikunywa mpaka chini, kwa sababu kule huachi maziwa ya mtu kwenye kikombe kisha umuulize maswali.

"Muzee, umeisha kuona foto yenyewe?"

"Nilisikia redio, na bantu balinieleza foto. Ilitosha."

"Ione leo."

Aliichukua, akaishika mbali na macho yake, akairudisha haraka.

"Haiko kwangu hii. Kwangu mugeni anapewa kiti, hapewe kisu. Ningefanya bamukwe bangu batumike kama bafanyakazi? Ile ng'ombe ilichinjwa asubuhi, mbele bafike. Muulize muntu yeyote."

"Nani alichinja?"

"Mudogo wangu Evode alisimamia. Na Luc, muchungaji."

"Naweza kuona Luc?"

"Iko pale kwenye josho. Lakini chunga, iko na mudomo."

Luc alikuwa na mdomo kweli. Ndiye aliyekuwa akiipigia kelele habari ile sokoni Mushaki, na kabla Rosalie hajajitambulisha vizuri alikuwa amekwisha kumweleza mambo yote ya watu wa msituni, ambako hakuwahi kufika. Rosalie alimwacha aseme huku akiitazama mikono yake. Kidole gumba kimoja cha Luc kilikuwa kimepinda na kina kovu.

"Kaka Luc, kidole ilifanya nini?"

"Kamba ya ng'ombe, mama. Ilinivuta."

"Lini?"

"Mbele nioe. Zamani."

Kilikuwa kidole cha mkono wa kulia. Hata hivyo Rosalie hakumwachia hapo. Alitaka kujua mtu mwenye chuki nyingi namna hii alikuwa wapi siku ya karamu.

"Sikuikula ile karamu," Luc alisema, na hapo ndipo sauti yake iliposhuka, na Rosalie akaona uchungu wake umelala wapi. "Nilifunga ng'ombe tu asubuhi, njo balinituma Mubambiro, kwa kambi ya baaskari, na maziwa. Bidoo bilikuwa bingi, na bibi za baaskari balikawia kununua. Nilirudi mangaribi. Walinibakizia mifupa."

"Basi Papa Albert wewe haujamuona hata siku moja."

"Hapana. Lakini redio ilisema."

"Redio ilisema," alirudia Rosalie, akafunga daftari lake. Mtu mwenye hasira ya kunyimwa nyama si lazima awe mwongo. Mama Mukagasana, mke wa Sebarenzi, alithibitisha yale ya Mubambiro bila kuulizwa mara mbili. Ndiye aliyehesabu vidoo vya maziwa vilivyorudi. Luc akatoka kwenye hesabu.

Mama Mukagasana alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, ukumbini. Alikuwa amechoka na ugomvi ule, na alisema waziwazi.

"Dada, mimi ile binti nilimupenda. Alifika hapa, hakungoja mutu amwambie, akafunga kitenge akaingia jikoni. Jean de Dieu tangu ile siku hakule vizuri. Anafundisha, anarudi, analala. Lakini papa yao akisema neno, ni vigumu kulirudisha."

"Siku ile mulipiga mafoto?"

"Mingi! Tulikodisha muntu." Alijifuta mikono, akatoa simu yake kifuani, akaanza kuzipitisha picha moja baada ya nyingine. Wazazi wamekaa chini ya hema. Bénédicte na Jean de Dieu wanatazama viatu vyao. Papa Albert, shati jeupe lenye mstari wa pasi, anapokea soda kwa mikono miwili.

Shati lilikuwa lile lile. Rosalie alijizuia kusema. "Huyu mwenye anasimama nyuma ni nani?"

"Njo Evode, mudogo wa bwana yangu."

"Rudisha nyuma. Tena. Tena moja."

Katika kila picha Evode alionekana akicheka, glasi ya mkono wa kulia ikiwa juu. Katika kila picha mkono wake wa kushoto ulikuwa umezama ndani ya mfuko wa koti. Wakati wa kupiga makofi, wengine wote mikono iko hewani, Evode alikuwa anapiga kifua chake kwa mkono mmoja. Hata kwenye picha ya sala, ambapo kila mtu amefumbata mikono, mmoja wa Evode haukuwapo.

"Dada Mukagasana, na mupiga foto alikuwa nani?"

"Ule kijana ya Sake, mwenye iko na kibanda pa barabara. Viateur. Alikula vizuri sana siku ile."

Rosalie alicheka kwa sauti, akamwomba radhi mwenyeji wake, kisha akamwomba amtumie picha zote. Alikumbuka sahihi ile ya madoido. Kwa huyo Papa sijaingia hata siku moja.

* * *

Evode alikuwa kwenye nyumba ya jibini, chini kidogo ya kilima, akigeuza mapande juu ya mbao. Harufu ya maziwa yaliyoganda ilikuwa nzito na nzuri. Alikuwa amefanana na kaka yake kama wangempunguza ukubwa na kumwongezea wasiwasi.

Rosalie hakuzunguka. Alimwonyesha picha, akaweka kidole chake kwenye ukingo.

"Papa Evode, nionyeshe mukono ya kushoto."

Evode aliutazama mlango. Kisha akakitazama kile kidole gumba kilichosalia pembeni mwa picha, ambacho yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kukiona hapo, akakaa chini juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akafungua kiganja. Kovu lilipita juu ya kidole gumba, la waridi bado.

"Alisema?" aliuliza.

"Hakusema. Alikataa kusema, hata na jina yake inatupwa barabarani."

"Yesu wangu." Alijifunika uso kwa mkono ule ule. "Ilikuwa namna hii, mama. Kaka yangu aliniambia nimalize ng'ombe asubuhi sana. Mimi nilichelewa, jana yake nilikuwa na bandugu tulikunywa. Bageni bakafika nyama haijachunwa. Nikaenda mbio, kisu ikateleza. Damu inatoka, siwezi kushika kitu. Njo Papa Albert akapita nyuma ya nyumba anatafuta maji ya kunawa. Akaniona. Hakuuliza hata neno moja. Akafunga kidole yangu na kitambaa yake, akakunja mikono ya shati, akachukua kisu."

"Na Viateur?"

"Alikuwa anazunguka na mashine yake ya foto. Sikumuwaza."

"Juu ya nini uliomba isisemwe?"

"Unamujua kaka yangu. Kusikia kama mugeni wa heshima alichuna ng'ombe yetu, juu mimi nililewa? Mbele ya bamukwe? Angenifukuza." Evode alificha kidole ndani ya kiganja. "Halafu gazeti ikatoka. Kaka akaapa mbele ya bantu bote kama kwake hakuna mugeni alishika kisu. Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Na kesho ikawa mbaya kuliko jana."

"Leo njo hiyo kesho," alisema Rosalie. "Twende. Nitasimama karibu yako."

Walipanda kilima pamoja. Evode aliyasema yote amesimama uani, kofia mkononi, mbele ya kaka yake na mke wa kaka yake, na hakuficha hata lile la pombe. Sebarenzi alisikiliza bila kutikisika. Alipoambiwa kuhusu kitambaa, alifumba macho. Ilipofika sehemu ya kuchuna, aliyafumbua.

"Ngoja," alisema. "Ile nyama ilikatwa vizuri mpaka mimi nilisimama mbele ya bantu nikakusifu. Nilisema, Evode leo umekomaa. Unakumbuka?"

"Ninakumbuka, kaka."

"Na Albert alikuwa amekaa karibu yangu. Akapiga makofi."

"Alipiga."

Mabega ya Sebarenzi yakaanza kutikisika, na Mama Mukagasana akasogea akidhani mumewe analia, kumbe alikuwa anacheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kukawia kufika mdomoni. Alicheka mpaka akashika nguzo ya ukumbi. Alipomaliza, uso wake ulikuwa umelowa kweli, na haikujulikana tena ni kwa lipi.

"Nilimufungia mulango ule muntu," alisema. "Mama, hiyo komite yenu inakaa wapi?"

* * *

Kamati ilikaa Masisi-centre, kwenye ukumbi wa parokia, ili wa Walikale wasilazimike kuteremka hadi Goma. Mwenyekiti alikuwa Mama Gaëlle, mtangazaji mstaafu wa redio, mwenye sauti ambayo hata akiomba maji ilisikika kama taarifa ya habari. Viateur aliketi na mkurugenzi wake upande mmoja. Papa Albert na Bénédicte waliketi upande mwingine. Familia ya Karuba iliingia mwisho, ikachukua benchi la nyuma, na Jean de Dieu, aliyekuwa amekonda kweli, akawa anatazama kisogo cha Bénédicte bila kupepesa.

Rosalie alisoma ripoti yake. Aliweka mezani picha iliyochapwa gazetini, kisha picha za karamu kutoka simu ya Mama Mukagasana, kisha maelezo ya Viateur na sahihi yake. Evode alisimama, akaeleza, akainua kidole chake ili wanakamati wakione. Papa Albert alimtazama akitoa siri yake mwenyewe kwa hiari, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayetuliwa mzigo.

"Bwana Viateur," alisema Mama Gaëlle, "uliingia kwa Sebarenzi ao haukuingia?"

Kijana alikuwa amepoteza unadhifu wote. "Niliingia, mama. Mukubwa alitaka habari ya wizi ya ng'ombe, na foto ya nguvu. Sikuwa nayo. Ile ilikuwa kwenye mashine. Nilisema Walikale iko mbali, nani atamujua huyu Papa?"

"Wote wanamujua," alisema Papa Albert kwa upole. "Hata mutoto yangu ananijua."

Mkurugenzi aliinuka haraka. Gazeti litaiondoa picha, alisema, na litaandika kwamba Papa Albert si mwizi. Alisema hivyo kwa tabasamu la mtu ambaye amemaliza kazi.

Papa Albert aliomba neno. "Asante. Lakini mimi niko muntu mumoja. Mulisema wala ng'ombe wa msituni. Mulisema kwetu kila chenye kwato ni windo. Ile haikunipiga mimi peke yangu. Sasa bamama betu bakifika Mushaki na mafuta ya ngazi, ile ya michikichi, bantu banashika ng'ombe zao. Ile neno njo nataka itoke. Yote."

Mama Gaëlle alivua miwani. Alimpenda mzee yule, ilionekana, lakini kanuni ilikuwa kanuni. Malalamiko ya mtu mmoja huzaa sahihisho la mtu mmoja. Ili gazeti lilazimishwe kufuta neno lililowagusa wengi, ilihitajika mlalamikaji wa pili, asiyekuwa wa Walikale, aseme kwamba naye ameumizwa na neno hilo. Akauliza ukumbini kama yuko.

Watu waligeuka kutazamana. Benchi la nyuma likalia kwa uzito wa mtu anayeinuka.

"Niko," alisema Sebarenzi.

Alitembea hadi mbele na gumboti zake safi, akasimama kando ya Papa Albert bila kumtazama bado.

"Uliumizwa namna gani, muzee?" aliuliza mwenyekiti.

"Ile ng'ombe ilikuwa yangu. Karamu ilikuwa yangu. Gazeti iliita karamu yangu wizi, na mugeni wangu mwizi, na mimi nikaamini. Niliishi na ile neno ndani ya nyumba yangu. Ikafanya mutoto yangu asikule." Aliweka mkono kifuani. "Ni muntu wa Walikale mwenye alitupiwa uchafu, lakini ulianguka kwangu pia. Niandike."

Katibu wa kamati alivuta karatasi. Jina? Sebarenzi. Makazi? Karuba. Kazi? Mfugaji. Katibu aliendelea bila kuinua kichwa, maana fomu ilikuwa na mistari yake na lazima yote ijazwe.

"Uhusiano na mulalamikaji wa kwanza?"

Bénédicte alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Mama Mukagasana, kule nyuma, alimshika mwanawe mkono ili asiinuke kabla ya wakati.

Sebarenzi sasa alimgeukia Papa Albert, akamtazama usoni, kama anayeomba ruhusa ya kuingia ndani ya nyumba ya watu.

"Ukikubali," alimwambia.

"Andika tu," Papa Albert alimwambia katibu. "Andika bamukwe."

Vigelegele vya Mama Mukagasana vilimfanya katibu akosee herufi, ikabidi aanze upya. Mama Gaëlle aligonga meza, akasoma uamuzi kwa sauti yake kubwa ya redio. Habari yote ifutwe, msamaha kwa watu wa Walikale uandikwe mahali palepale pa kichwa kile, na redio ya Sake iusome asubuhi na jioni kwa muda uleule ilioisoma habari.

Rosalie aliandika mwishoni mwa ripoti yake kwamba uamuzi ulisomwa mbele ya wote na kusikika vizuri ukumbini, isipokuwa na walalamikaji wote wawili, ambao kwa wakati huo walikuwa wakibishana kuhusu tarehe ya harusi.